Geita Haikushushwa na Kuondoka kwa Mpole

Kwa mashabiki wengi wa soka wa ukanda wa dhahabu, kuanzia Kakola kwenye lango la mgodi wa Bulyanhulu hadi Nyankumbu mjini Geita, kesi hii ilishaisha na hukumu ilishatoka. Geita Gold ilishuka daraja mwaka 2024 kwa sababu viongozi wake waliuza timu. Walimwachia George Mpole aende Congo, wakamwachia Saido Ntibazonkiza aende Simba, wakabaki na jezi tupu. Maneno hayo yanasemwa kwenye vijiwe vya bodaboda, kwenye mabanda ya kuonyeshea mpira na kwenye basi la wafanyakazi wa zamu ya usiku, tena yanasemwa kwa uhakika usioacha nafasi ya swali. Kila dirisha la usajili linapofunguliwa yanarudi upya: kiongozi yeyote wa timu ya mkoani anayeruhusu straika wake aondoke ni msaliti, na timu inayouza inajichimbia kaburi.

Hukumu hiyo haina haki. Ina madhara pia, kwa kuwa inawaadhibu viongozi kwa jambo ambalo timu ndogo haiwezi kulikwepa, halafu inawaachia huru kwa makosa yaliyoiangusha timu kweli.

Kalenda ndiyo shahidi wa kwanza. Geita Gold ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021. Katika msimu wake wa kwanza, 2021/22, ilimaliza nafasi ya nne nyuma ya Yanga, Simba na Azam, na Mpole akafunga mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga. Mfungaji bora wa Tanzania alitoka timu ya Geita, jambo ambalo miaka michache nyuma lingeonekana ndoto ya mlevi. Nafasi hiyo ya nne ikawapeleka Kombe la Shirikisho Afrika, ambako walitolewa mapema na Hilal Alsahil ya Sudan. Kabla ya msimu wa 2022/23 wakamsajili Saido, Mrundi aliyekuwa amemaliza mkataba Yanga. Ilipofika katikati ya msimu huo, wote wawili wakaondoka: Saido akavaa jezi ya Simba Desemba 2022, Mpole akaelekea FC Lupopo ya Lubumbashi.

Geita haikushuka msimu huo. Ilicheza ngwe ya lala salama bila Mpole na bila Saido, na ikabaki Ligi Kuu. Ilishuka msimu uliofuata, 2023/24, pamoja na Mtibwa Sugar. Kati ya kuondoka kwa nyota hao na siku ya kushuka kulikuwa na dirisha kubwa zima, dirisha dogo zima, maandalizi ya msimu na mechi 30 za ligi. Anayesema timu ilikufa Desemba 2022 anapaswa kueleza iliwezaje kutembea mwaka mmoja na nusu ikiwa maiti.

Wapo wanaojibu kwamba pengo huchelewa kuonekana. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama Geita ingekuwa peke yake. Lakini Kanda ya Ziwa imeshuhudia mambo haya mara kadhaa, na kila mara tarehe zinakataa kukubaliana na kijiwe.

Mbao FC ya Mwanza ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Mei 2017 ilicheza fainali ya Kombe la FA dhidi ya Simba kwenye Uwanja wa Jamhuri, Dodoma, ikafungwa 2-1 baada ya dakika za nyongeza. Baada ya fainali hiyo wakubwa wakaingia sokoni. Pius Buswita akaenda Yanga, baada ya vuta nikuvute iliyotokana na kusaini pia Simba. Jamal Mwambeleko na kipa Emmanuel Mseja wakaenda Simba. Kikosi kilichotikisa nchi kikasambaratika ndani ya miezi mitatu. Kwa mantiki ya kijiwe, Mbao ilipaswa kushuka 2018. Haikushuka 2018, na 2019 pia haikushuka. Ilishuka 2020, kwa kutolewa na Ihefu kwenye mchujo.

Stand United ya Shinyanga nayo inasema vilevile. Elias Maguli aliachwa na Simba mwaka 2015, Stand, maarufu kama Chama la Wana, wakamchukua, na ndani ya miezi michache mtu aliyeonekana hafai Msimbazi akawa tishio la ligi. Novemba 14 mwaka huo, akiwa mchezaji wa Stand, alifunga bao la Taifa Stars katika sare ya 2-2 na Algeria; bao jingine lilikuwa la Mbwana Samatta. Mwaka 2016 Maguli akaenda Dhofar ya Oman. Stand ilishuka lini? Mwaka 2019, misimu mitatu baadaye. Katika msimu huohuo wa kushuka ilikuwa na Alex Kitenge, Mrundi aliyeifunga Yanga mabao matatu peke yake katika mechi iliyoisha 4-3 Septemba 2018, na Januari 2019 ikaifunga Yanga 1-0 nyumbani, Kambarage. Timu hiyo haikukosa watu wa kufunga mabao.

Kuna jambo jingine ambalo shabiki wa Geita hulisahau anapokuwa na hasira. Mpole hakuzaliwa Geita Gold. Alitoka Polisi Tanzania. Saido hakulelewa Nyankumbu. Alikuwa Yanga, akaonekana umri umemtupa mkono, mkataba ukaisha, Geita wakamchukua. Furaha yote ya 2021/22 na nusu ya kwanza ya msimu uliofuata ilitokana na soko hilihili linalolaaniwa leo. Shabiki anayetaka mlango wa kutokea ufungwe anasahau kwamba timu yake iliingia kwa mlango huohuo. Mchezaji mzuri hakubali kwenda timu ya mkoani ambayo sifa yake ni kutomwachia mtu. Anakwenda mahali ambapo akifanya vizuri ataonekana, na akionekana ataondoka. Maguli alikwenda Shinyanga akafika Oman. Saido alikwenda Geita akafika Simba. Hiyo ndiyo bidhaa pekee ambayo timu ya Shinyanga au Geita inaweza kumpa mchezaji na Simba isiweze: nafasi ya kucheza kila wiki, akionekana na kila mtu.

Ni kweli kwamba Saido aliumiza. Mwishoni mwa Desemba 2022 Simba iliifunga Tanzania Prisons 7-1, na yeye akapachika mabao matatu. Juni 2023 aliifunga Polisi Tanzania mabao matano katika mechi moja. Msimu ukaisha akiwa na mabao 17, akigawana ufungaji bora na Mayele. Kwa shabiki wa Geita, kutazama mechi hizo kulikuwa kama kutazama mali yake ikitumiwa na jirani. Maumivu hayo ni halali, lakini hayathibitishi kwamba kumwachia ndiko kulikoishusha timu msimu uliofuata.

Basi ni nini kilichoishusha? Mtu makini angetazama benchi kabla ya kutazama safu ya ushambuliaji. Fred Felix Minziro ndiye aliyeipandisha Geita, na ndiye aliyeichukua tena msimu ulipoanza vibaya mikononi mwa Etienne Ndayiragije, akaifikisha nafasi ya nne. Ndiye aliyekuwa nayo Mpole na Saido walipoondoka, na ndiye aliyeibakisha. Mwaka 2023 Minziro akaondoka, akaanza msimu mpya na Tanzania Prisons. Mwaka mmoja baadaye Geita ikashuka. Kwa Mbao mambo yalikuwa yaleyale. Ndayiragije, kocha aliyewaona akina Buswita kabla ya nchi kuwaona, aliwapoteza wachezaji wake 2017 na bado akaibakisha timu. Alipoondoka 2018 kwenda KMC, Mbao ilibakiza misimu miwili tu ya Ligi Kuu.

Yako mengine yaliyotokea katika timu hizo, na kocha mmoja hawezi kubeba lawama au sifa zote. Ndayiragije huyohuyo hakudumu Geita. Hata hivyo inashangaza kwamba katika miaka yote hii ya kulia kuhusu Mpole, ni nadra kumsikia shabiki akilia kuhusu Minziro. Straika anapoondoka, kila mtu anahesabu mabao yaliyokwenda. Anapoondoka mtu anayejua kumtambua straika mwingine huko madaraja ya chini, hakuna anayehesabu chochote, kwa kuwa mabao yake hayajafungwa bado.

Hoja kubwa zaidi ya wapinzani wa kuuza ni ile ya mgodi. Wanasema timu za uswahilini ndizo zenye njaa ya kuuza. Timu iliyokaa juu ya dhahabu inauza kwa shida gani? GGM ipo Geita, Barrick ipo Bulyanhulu, fedha ipo, na aliyeuza aliuza kwa tamaa. Hoja hii inapendwa sana Kakola, na inaeleweka. Mtu anayeona magari ya mgodi yakipita mbele ya nyumba yake kila siku ana haki ya kuuliza dhahabu imemfanyia nini. Lakini kama mpango wa kuendesha timu, imeshajaribiwa hapahapa na imeshindwa.

Mwaka 2015 Acacia, kampuni iliyokuwa ikimiliki Bulyanhulu na Buzwagi, iliingia mkataba wa udhamini wa miaka miwili na Stand United. Timu iliyoanzishwa na watu wa stendi ya mabasi ya Shinyanga ikapata kocha Mfaransa, Patrick Liewig, na nembo ya mgodi kifuani. Haikupita hata miaka hiyo miwili. Mwaka 2016 klabu iligawanyika, upande mmoja ukitaka kampuni na mwingine ukitetea wanachama, kila upande ukidai timu ni yake, na mdhamini akajiondoa. Hapo ndipo pa kutafuta chanzo cha kuanguka kwa Chama la Wana. Maguli aliondoka mwaka huohuo, ndiyo maana watu wameunganisha mambo mawili yasiyo na uhusiano. Stand ilipoteza mshambuliaji mmoja na wakati huohuo ikapoteza jibu la swali la nani mwenye timu. Pengo la kwanza linazibika kwa usajili.

Hata kama ndugu wa Shinyanga wasingegombana, fedha ya Acacia isingekuwa salama. Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi, na kabla mwaka haujaisha Bulyanhulu ilikuwa imepunguza shughuli zake na wafanyakazi wake. Timu iliyojenga kila kitu juu ya hisani ya mgodi huo ingeamka siku moja bila mshahara. Mwadui FC ya Kishapu ililiona hilo kwa macho. Mgodi wa almasi wa Williamson ulisimamisha uzalishaji Aprili 2020 baada ya bei ya almasi kuporomoka wakati wa korona, na mwaka 2021 Mwadui ikashuka daraja. Hii ni timu ambayo Oktoba 2019 ilikuwa imeipa Simba kipigo chake cha kwanza cha msimu, 1-0. Kushuka kuna sababu nyingi, na timu huwa haishuki kwa sababu moja. Hata hivyo, anayewaambia mashabiki kwamba mgodi ni kinga ya kutouza wachezaji anapaswa kwanza kwenda Mwadui.

Mchimbaji mdogo wa Kakola anaelewa mambo haya kuliko anavyojipa sifa. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, akipata mawe mazuri huyauza, na sehemu ya fedha hununua magogo ya kushikilia kuta ili mita zinazofuata zichimbwe bila watu kufukiwa. Akiyarundika mawe nje kwa kuyaonea fahari, duara linasimama. Akiyauza na kula fedha yote, duara linaanguka. Lawama inayostahili kuelekezwa kwa timu za ukanda huu ni hiyo ya pili, nayo inahitaji ushahidi kuhusu fedha ilikokwenda.

Huko Kanada, nchi ya kampuni inayoendesha Bulyanhulu, kuna kisa ambacho kila shabiki wa mpira wa magongo wa kwenye barafu anakijua. Edmonton ni mji wa mafuta, na timu yake inaitwa Oilers. Agosti 1988, miezi michache baada ya kutwaa ubingwa wa nne katika misimu mitano, ilimwachia Wayne Gretzky, anayehesabiwa kuwa mchezaji bora wa mchezo huo katika historia, aende Los Angeles. Ilipata dola milioni 15, wachezaji wawili vijana na haki ya kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza katika misimu mitatu. Mashabiki walichoma sanamu ya mmiliki wa timu barabarani. Mwaka 1990 Oilers wakatwaa ubingwa tena, bila Gretzky. Uingereza, mwaka 2014, Southampton iliuza wachezaji watano muhimu katika dirisha moja, akiwemo Adam Lallana, Luke Shaw na Dejan Lovren. Ilikuwa imemaliza ya nane. Msimu uliofuata ikamaliza ya saba, kwa kuwa fedha ilirudi uwanjani kwa sura ya Sadio Mané, Dušan Tadić na Graziano Pellè.

Tofauti kati ya Southampton na timu za kwetu ni mikataba. Hapa ndipo mashabiki wangepaswa kupaza sauti, na hapa ndipo wako kimya. Desemba 2022, wakati Saido akihama kwa utulivu, Feisal Salum alijaribu kuondoka Yanga kwa kuweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu akisema amevunja mkataba. TFF ikaamua bado ni mchezaji wa Yanga. Mvutano ukaenda hadi Juni 2023, Rais Samia mwenyewe akaiomba klabu ilimalize, na Azam ikamnunua. Watu walibishana sana kuhusu utii na njaa na chakula cha kambini. Somo lenyewe lilikuwa rahisi zaidi: Yanga ililipwa kwa sababu ilikuwa na mkataba mrefu mkononi. Mwaka 2024 Simba, klabu kubwa kuliko Geita mara nyingi, ilimwona Clatous Chama akienda Yanga bila ada, kwa kuwa mkataba wake ulikuwa umekwisha. Mchezaji aliyebakiza miezi sita anaruhusiwa na kanuni za FIFA kusaini makubaliano na klabu nyingine. Kiongozi anayekataa kuuza kwa kuogopa kijiwe, halafu akaacha miezi hiyo sita ifike, amegawa mali ya klabu bure.

Mashabiki wanaouza hoja ya usaliti wana sababu moja ya kweli ya kutoamini, na haifai kuibeza. Mwaka 2016, katika kundi C la Ligi Daraja la Kwanza, Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa 8-0 siku ambayo Polisi Tabora iliifunga JKT Oljoro 7-0, zikiwania kupanda kwa tofauti ya mabao. TFF iliamua matokeo yalipangwa, ikazishusha timu zote nne, na Mbao ikapanda. Mtu aliyeishi Geita wakati ule alijifunza kwamba viongozi wa mpira wanaweza kufanya biashara gizani. Anapoona straika ameondoka na hakuna aliyetangaza bei, anamaliza hesabu mwenyewe.

Dawa ya giza hilo iko karibu kuliko wengi wanavyodhani. Geita Gold ni timu ya halmashauri. Fedha ya halmashauri ni fedha ya umma, inakaguliwa, na madiwani wana haki ya kuiuliza katika kikao cha baraza. Ada ya kumuuza mchezaji wa timu hiyo haina tofauti na ushuru wa soko. Ingekuwa vizuri sana kama nguvu zinazotumika kumtukana katibu wa timu kila dirisha zingetumika kumwomba diwani aulize maswali manne: mchezaji aliuzwa kiasi gani, mkataba wake ulikuwa umebaki muda gani, klabu imebakiza asilimia ngapi ya mauzo yake yajayo, na fedha imenunua nini.

Swali la nne ndilo linalowahusu zaidi watu wa Bulyanhulu, ambao hawana timu ya Ligi Kuu na wanaitamani. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya 2017, inautaka mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri; kwa Bulyanhulu, halmashauri hiyo ni Msalala. Kila mara fedha hizo zinapotajwa, kuna anayependekeza timu inunuliwe na majina yaletwe kutoka Dar es Salaam. Hilo lingekuwa kurudia Stand ya 2015. FIFA inatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23. Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, klabu za Tanzania alizopitia utotoni zilikuwa na haki katika fedha hizo. Haki hiyo inahitaji mtoto awe amesajiliwa kwa jina na tarehe, na klabu iwe na karatasi. Vipaji vya Bugarama, Segese na Kakola vinaonekana kila mwaka kwenye mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, halafu vinapotelea kwenye maduara bila hata klabu moja kuandika majina yao.

Msimu wa 2024/25 Geita Gold na Stand United zilicheza Championship, ligi ya pili, zikipambana kurudi zilikotoka. Itakayorudi itapata straika mzuri, na straika huyo atatakiwa na Simba, Yanga, Azam au timu ya nje. Siku hiyo ikifika, mashabiki wa Kakola na Nyankumbu wamwache aende, na waingie kwenye kikao cha baraza la madiwani kudai mkataba na risiti.